Kabla ya kuvaa nguo ya askari: neno juu ya asiransi ya maisha



Katika darasa la sita swali moja linazunguka kila siku, ku refectoire na hata usiku ku dortoir: baada ya Egzameni ya Serikali utafanya nini? Wengine wanasema univasite, wengine biashara, wengine kazi ya migodi. Na wengine wanasema wazi: "Sisi tunaingia jeshi, njo mwisho." Neno hili limekuwa na nguvu tangu mwaka 2022, wakati vita ya M23 iliporudi katika Kivu ya Kaskazini na Rais Tshisekedi, mwezi wa Novemba mwaka ule, akawaita vijana wajiandikishe. Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, hata wale ambao hawakufikiria kazi ya jeshi walianza kuuliza njia ya kuingia.

Hatuandiki ukurasa huu kwa kuwazuiza. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 63, inasema kama kulinda nchi ni haki na ni kazi takatifu ya kila Mukongomani. Wadogo wetu walio chini ya miaka 18 wasidanganyike na mutu yeyote: sheria ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuwaingiza katika jeshi au katika kundi lolote la silaha. Lakini mwenye miaka 18, kijana au binti, anaweza kuchagua. Sisi tunataka kusema neno moja tu kwa yule anayechagua: asiweke sahihi yake ku jeshi kabla ya kuweka mahali fulani, kwa maandishi, jina la mutu atakayebaki nyuma yake na kitu ambacho mutu huyo atapokea. Na kazi hiyo ina sehemu yake, na Serikali ina sehemu yake. Moja bila ingine haitoshi.

Tunajua tayari mutajibu nini. Tulipoleta neno hili ku mazungumzo ya siku ya posho, mmoja alisema: "We kapita, uko unatuitia kifo!" Mwingine akasema: "Asiransi ni mambo ya wazungu na ya matajiri." Wa tatu, anayejua Biblia kutupita, alisema Bwana Yesu alitufundisha tusihangaike juu ya kesho. Tutajibu wote watatu, lakini kwanza tueleze kitu chenyewe, juu wengi tunakikataa bila kukijua.

ASIRANSI YA MAISHA NI NINI?

Bima, ambayo kwa kusema kwetu tunaiita asiransi, si mchawi na si loto. Ni likelemba iliyofanywa kwa hesabu. Mama zetu wanajua likelemba: watu kumi wanatoa franka kila juma, na mmoja mmoja anapokea kwa zamu. Katika asiransi ya maisha watu maelfu wanatoa kidogo kila mwezi, na anayepokea ni nyumba ya yule aliyefariki. Kuna majina matatu katika karatasi: anayelipa, yule ambaye maisha yake yameandikwa, na yule atakayepokea, ambaye kwa Kifaransa wanamwita benefisieri.

Wale wanaosema kama ni mambo ya matajiri wasio na Mungu, wasikilize jambo hili. Moja ya bima za kwanza za namna hiyo zilizofanywa kwa hesabu ya kweli ilianzishwa na wachungaji. Ilikuwa Scotland, mwaka 1744, katika kanisa la Presbiteri. Pasta alipofariki, mke wake alitoka katika nyumba ya kanisa na watoto wake, bila kitu. Wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, waliomba msaada wa mwalimu wa hesabu Colin Maclaurin. Waliona kama wachungaji wako karibu 930 kwa wakati mmoja, na kila mwaka karibu 27 wanafariki, na kati yao 18 wanaacha wajane. Hawakujua nani atakufa. Walijua ngapi. Basi wakapanga kila mchungaji atoe kiasi gani kwa mwaka. Walihesabu kama mwaka 1765 sanduku litakuwa na pauni 58,348. Mwaka ule ulipofika, sanduku lilikuwa na pauni 58,347. Walikosea pauni moja tu!

Hesabu ya wale wazee haikuita kifo cha mchungaji hata mmoja. Kifo kilikuja kama kilivyokuwa kinakuja siku zote. Kilichobadilika ni mambo ya mjane.

NA IMANI JE?

Ndugu yetu wa tatu anasema kununua asiransi ni kukosa imani. Tunamwuliza: Yusufu kule Misri, alipoweka ngano miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa, alikosa imani? Mtume Paulo alipomwandikia Timoteo juu ya mutu asiyetunza watu wa nyumba yake, maneno yake yalikuwa makali. Mwende muyasome wenyewe katika barua ya kwanza, mulango wa tano. Na zaidi ya wote, Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa msalabani, alimtazama mama yake na akamweka mikononi mwa mwanafunzi aliyempenda. Hakusema, "Mungu ataona." Alitaja mutu. Sisi tunaona kama kuandika jina la mama yako katika karatasi kabla ya kwenda vitani ni kufuata mfano ule.

Kuhangaika juu ya kesho ni kukosa usingizi bila kufanya kitu. Kupanga nyumba ni kufanya kitu halafu kulala.

WAZAZI WETU WANA SABABU

Lakini tuseme ukweli wote. Wazazi wetu wengi wakisikia asiransi wanacheka kwa uchungu. Wana sababu. Tangu 1966 nchi yetu ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, ya Serikali. Ni sheria ya 17 Machi 2015 iliyofungua njia kwa kampuni zingine, na ofisi ya kuzisimamia inaitwa ARCA. Tena wazazi wetu waliona feza yenyewe ikifa. Mwezi wa Oktoba 1993, zaïre za zamani milioni 3 zilibadilishwa kwa zaïre mpya moja. Mwaka 1998, zaïre mpya 100,000 zilibadilishwa kwa franka moja. Ninyi wa section Mathématique-Physique mufanye hesabu: franka moja ya 1998 ni zaïre za zamani miliari 300. Mutu aliyeahidiwa zaïre elfu mia katika 1975 kwa ajili ya watoto wake, watoto wale walipokea nini? Hata chumvi hawangenunua.

Hasara ile haikutoka kwa kampuni moja, ilitoka kwa nchi nzima. Inatufundisha swali la kwanza la kuuliza: malipo yameandikwa katika feza gani, na kama feza inaanguka, karatasi inasema nini?

KILE AMBACHO VITA INAFANYA KWA HESABU

Sasa tufike ku kiini cha neno letu. Hesabu ya wale wachungaji wa Scotland ilifaulu kwa sababu wachungaji walikufa mmoja mmoja: huyu kwa uzee, yule kwa homa. Likelemba vilevile inaweza kusaidia nyumba moja iliyoungua. Lakini kama nyumba kumi zinaungua usiku mmoja, sanduku linakuwa tupu.

Vita njo moto wa nyumba kumi. Kwa hiyo karatasi nyingi za asiransi, katika nchi nyingi, zina mstari mdogo unaosema kama mutu akifariki kwa vita, kampuni hailipi. Ama inalipa tu kama mliandikiana hivyo na ukaongeza malipo. Mstari huo mara nyingi uko ku mwisho, kwa herufi ndogo. Kijana anayenunua asiransi, anaweka karatasi ndani ya sanduku ya mama yake, na anakwenda na moyo mweupe, anaweza kuwa amenunua kitu ambacho hakimsaidii katika siku ile aliyoinunulia.

Hapa kuna vijana wenye akili nyingi watakaosema: "Basi mi nitanunua kabla ya kuingia jeshi, na nitaandika kama niko mwanafunzi." Hapana, ndugu. Kununua kabla ni vizuri, maana ungali kijana, una afya, malipo ni madogo, na uko mjini ambako ofisi iko. Ku kambi ya mafunzo hutapata nafasi ya kutafuta ofisi. Lakini kuficha kazi unayoiendea ni kuharibu karatasi yako mwenyewe. Kampuni ikigundua kama ulidanganya kwa kusudi, inaweza kuvunja mapatano, na mama yako atabaki na risiti tu. Sema ukweli: "Ninaingia jeshi mwezi fulani. Munalipa nikifa vitani, ao hamulipi?" Jibu waliandike. Kama wanasema hawalipi kifo cha vita lakini wanalipa kifo cha ugonjwa na cha ajali ya njia, hiyo pia ni kitu, juu askari anakufa vilevile kwa malaria na kwa kamio iliyoanguka. Lakini ujue unachonunua.

SEHEMU YA SERIKALI

Kama sanduku la kampuni haliwezi kubeba vita, nani atabeba? Yule anayetuma askari vitani. Hatusemi hivyo kwa ubishi; nchi zingine zilifika ku jibu hilo kwa kuona mambo yalivyo.

Katika 1917 Marekani iliingia vita ya kwanza ya dunia. Kampuni za bima ziliwaomba askari malipo makubwa sana. Basi tarehe 6 Oktoba 1917 bunge lao liliweka sheria ya bima ya Serikali, na kila askari aliweza kuchukua mpaka dola 10,000. Vita ikapita, mwingine ukaja. Katika 1965, wakati wa vita ya Vietnam, walianzisha bima ingine ambayo iko mpaka leo. Askari anaingia ndani yake bila kuomba. Asiyetaka, yeye njo anaandika kama hataki. Anakatwa kidogo ku mshahara kila mwezi, na hasara inayopita kiasi kwa sababu ya vita, Serikali inaibeba. Tangu 1 Machi 2023 kiasi cha juu ni dola 500,000.

Hatusemi Kongo ilipe dola 500,000. Tunajua nchi yetu. Tunatazama mpango tu: jina la benefisieri linaandikwa siku askari anapoingia, na kifo cha vita hakiondolewi katika karatasi.

Kwetu kuna sheria ya 15 Januari 2013 juu ya askari wa FARDC, na inasema pia juu ya haki za mjane na yatima. Sheria ni nzuri. Lakini kati ya sheria na sahani ya bukari kuna njia ndefu, na njia hiyo inapita ku karatasi.

KARATASI

Wengine wenu munamkumbuka mkubwa wetu mmoja aliyemaliza hapa, aliyekuwa akiimba sauti ya chini katika kwaya. Hatutaji jina lake, kwa heshima ya familia. Aliingia jeshi, alitumwa mashariki, na alifariki kule. Alikuwa ameoa kwa desturi: mahari ililipwa, wazee walikunywa, Pasta aliomba. Lakini hawakufika ku komine kuandikisha ndoa. Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa na cheti cha kuzaliwa, wa pili hakuwa nacho. Mjane alipokwenda kuuliza haki zake, aliombwa karatasi ya ndoa. Alirudi. Alikwenda tena, akaombwa karatasi ya mtoto. Wakati yeye anazunguka, ndugu za bwana yake walikuja kuchukua kitanda, redio, na mashini ya kushona ambayo yeye mwenyewe aliinunua. Leo anauza makala ku njia ya soko, na mama wa kanisa wanamsaidia kulipa minervali ya mtoto wa kwanza.

Hakuna asiransi ya dunia inayoweza kusaidia mutu ambaye jina lake haliko mahali popote. Ndoa ya desturi ni ndoa, lakini Sheria ya Jamaa ya 1987 inataka iandikishwe ku Etat civil. Bila hivyo, watu wa nje wanaweza kuikataa. Mtoto vilevile: tangu sheria hiyo iliporekebishwa katika 2016, wazazi wana siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwake. Siku 90 zinapita upesi kwa askari aliye mbali.

Na mutazame uzuri mwingine wa asiransi ya maisha ambao wengi hawaujui. Kwa kawaida, feza yake haiingii katika urithi ambao ndugu wanagombania ku matanga. Inakwenda moja kwa moja kwa yule aliyeandikwa. Kama mkubwa wetu angeandika jina la mke wake kwa wino, baba wadogo wangeweza kuchukua kitanda, lakini ile hawangeigusa.

Sisi wengi hatujaoa. Atakayebaki ni nani? Ni mama aliyeuza sombe na samaki ili tulipiwe masomo. Ni yaya aliyeacha kusoma ili sisi tusome. Ni wadogo ambao wanangoja zamu yao. Mutu asiye na mke asiseme hana mutu wa kuandika.

WALIOKWENDA MBELE YETU

Katika masomo ya historia tunajifunza kama askari wa Force Publique walifika Tabora mwezi wa Septemba 1916, na Saïo kule Abisinia katika Julai 1941. Tunaimba sifa zao. Lakini mwalimu wetu alituambia pia juu ya wabeba mizigo wa vita ile ya kwanza, waliokufa wengi kwa magonjwa na uchovu, na wengi wao hawakuandikwa majina. Mutu aliyekufa bila jina katika kitabu, watu wake hawana hata mahali pa kuuliza. Sisi tunaojua kusoma na kuandika, tunaoandika dissertation ya kurasa nne, itakuwa haya kubwa kama tunakwenda tena bila jina.

TUNALOMBA

Kwa hiyo tunasema hivi.

Kwa wenzetu wanaotaka kuingia jeshi: mwezi mmoja mbele, tafuteni cheti chenu cha kuzaliwa, aliye na mke, apite ku komine, aliye na mtoto, amwandikishe. Kama munaweza kulipa asiransi, muulize maswali matano: kampuni ina ruhusa ya ARCA? Inalipa kifo cha vita? Inalipa katika feza gani? Nikikosa kulipa miezi miwili, nini inatokea? Mama yangu atapaswa kuleta karatasi gani? Na ku jeshi, siku ya kujaza fomu, musiache mahali pa familia patupu. Kopi moja ya kila karatasi ibaki kwa mama, ingine kwa Pasta.

Kwa Bwana Prefe na waalimu wetu: tunaomba, kabla ya Egzameni ya Serikali, siku moja ya mchana waitwe hapa karani wa Etat civil, mutu wa asiransi, na afisa mmoja wa jeshi, watusikilize na tuwaulize. Tunajifunza intérêt composé katika hesabu. Tujifunze pia inatumika wapi.

Kwa wakubwa wa nchi, hata kama gazeti letu haliwafikii: kijana anayekubali kutoa uhai wake kwa ajili ya Kongo, apewe siku ile ile anapoandikwa karatasi inayosema nani atapokea, kiasi gani, na baada ya siku ngapi. Na kifo cha vita kiandikwe ndani yake bila mstari wa herufi ndogo. Mjane asizunguke.

Kuna watakaosema kama anayependa nchi hahesabu feza. Tunajibu: hahesabu feza yake mwenyewe, kweli. Lakini sahani ya mama yake si mali yake kuitoa sadaka. Askari anayejua watoto wake watakula anasimama vizuri kupita yule anayefikiria nyumba usiku kucha.

Tunamaliza hapa. Anayetaka kutujibu, aandike, na jibu lake litatoka katika gazeti. Mungu awalinde wote walio mbali, na awape wafinalisti wote nguvu katika egzameni.

Kapita wa wanafunzi,
kwa jina la mwaka wa 6